Kabla ya Kugombea Nafasi: Je, Ukurasa Wako Umo katika Faharasa?

Mabibi na mabwana,

Swali ninaloulizwa kila ninaposimama mbele ya wamiliki wa tovuti ni lile lile: nifanye nini ili nitokee wa kwanza kwenye Google? Jibu langu halijabadilika, na leo nitalirudia: kabla hujauliza unashika nafasi ya ngapi, hakikisha kwamba umo. Mtambo wa utafutaji haupekui intaneti nzima pale mtu anapoandika swali lake. Hupekua faharasa, yaani hifadhi ya kurasa ambayo mtambo wenyewe umekwisha kuiandaa. Roboti zake, yaani programu zinazosoma kurasa zenyewe, hupita kwanza, zikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kisha kurasa zilizosomwa huchambuliwa, na zile zinazokubaliwa huingizwa katika faharasa. Upangaji wa nafasi, ambao ndio kila mtu anaulilia, huja mwisho kabisa. Ukurasa usiokuwamo katika faharasa hauna nafasi ya mia wala ya elfu.

Nitatoa mfano ambao baadhi yenu mmeshausikia kwangu, na nitaendelea kuutoa maadamu kosa lenyewe linaendelea kutokea. Mwenye tovuti mmoja alinijia akilalamika kwamba ameandikiwa makala nyingi, amemlipa mtaalamu wa maneno ya utafutaji, amenunua hata viungo vya kumwelekea kutoka tovuti nyingine, na bado haonekani popote. Nilifungua msimbo wa ukurasa wake wa mwanzo, kisha wa kurasa za ndani, na katika kila mmoja nikakuta agizo moja: noindex. Waliomjengea tovuti waliliweka wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane na umma, jambo lililokuwa sahihi. Kisha wakaikabidhi kazi, wakalipwa, na hakuna aliyeliondoa. Agizo hilo huiambia mitambo ya utafutaji isiuweke ukurasa katika faharasa, nayo ilitii. Jasho lote lile na fedha zote zile zilimiminwa katika tovuti iliyokuwa imeomba yenyewe isionekane. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba mtaalamu aliyelipwa hakuwahi kufungua Search Console, chombo cha bure cha Google ambacho kingemtajia sababu hiyo kwa maandishi.

Najua yupo atakayesema kwamba yeye hana noindex, amezuia tu baadhi ya kurasa kwa faili la robots.txt. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Utaratibu wa robots.txt, uliopendekezwa na mhandisi wa programu Martijn Koster mwaka 1994, huizuia roboti kusoma ukurasa. Haukatazi anwani ya ukurasa huo kuingia katika faharasa, kwani tovuti nyingine zikiuelekezea viungo, anwani yaweza kutokea katika matokeo bila maelezo yoyote. Na ukiweka vyote viwili kwa pamoja, umejifunga mwenyewe, kwa sababu roboti iliyozuiwa mlangoni haitaliona agizo la noindex lililo ndani. Usiniambie kwamba haya ni mambo ya mafundi. Anayepoteza wateja ni mwenye tovuti, na kubandika anwani ya ukurasa katika kisanduku cha ukaguzi cha Search Console hakuhitaji ufundi wowote.

Ukishajua kwamba umo, ndipo tuzungumze kuhusu maneno. Google ilitangaza wazi mwaka 2009 kwamba haitumii lebo ya maneno muhimu iliyofichwa katika msimbo kupanga nafasi, na bado nakutana na watu wanaotozwa fedha ili wajaziwe lebo hiyo. Upeni kila ukurasa kichwa chake chenyewe, kinachosema ukurasa huo unahusu nini kwa maneno ambayo mtafutaji angeyaandika. Tovuti yenye kurasa zote zilizoandikwa «Karibu» haimwambii mtu kitu, wala haiuambii mtambo. Kuhusu kununua viungo, tangu sasisho la Penguin la mwaka 2012, badiliko katika kanuni zake za kupanga nafasi, Google imekuwa ikiviandama waziwazi, kwa hiyo anayewauzia anawauzia hasara.

Nilikusudia kueleza kwa kirefu kuhusu simu na kasi, lakini muda umekwisha. Google husoma kwanza sura ya tovuti inayoonekana kwenye simu, basi kilichoondolewa humo msitegemee kihesabiwe; na sehemu kubwa zaidi ya maudhui inayoonekana ukurasa unapofunguka inapaswa kutokea ndani ya sekunde 2.5. Mwisho, kwa wale wanaopanga kubadilisha anwani za kurasa zao: wekeni elekezo la kudumu, lile la namba 301, kutoka kila anwani ya zamani hadi ile mpya inayolingana nayo, wala si zote kwenda ukurasa wa mwanzo, na mliache hapo kwa muda usiopungua mwaka mmoja.