Mteja yuko stendi, ameshika simu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana. Asanteni kwa kuniita hapa Moshi.

Nianze na la juzi. Nilikuwa stendi ya mabasi, nawatafutia wageni watatu nyumba ya kulala upande wa Marangu. Nikafungua tovuti ya nyumba moja niliyosifiwa. Ikaanza kuja picha ya Kibo, inashuka kipande kwa kipande, bando linaliwa. Maandishi yalipotokea yalikuwa kama sisimizi. Nikayakuza kwa vidole viwili, nusu ya sentensi ikatoka nje ya kioo. Namba ya simu ilikuwepo, lakini ndani ya picha: haibonyezeki wala hainakiliki. Basi la wageni likawa linaingia, nikapigia nyumba nyingine. Wale wenye nyumba mpaka leo hawajui kilichowapita, na hilo ndilo linaloniuma. Mteja wa dukani akiondoka unamwona mgongo. Wa kwenye simu humwoni kabisa.

Tovuti ile si mbovu. Ilikaguliwa kwenye kompyuta ya mezani, ikapendeza, mwenye mali akalipa. Dawa yake ipo tangu 2010, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoeleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kufuata upana wa kioo: safu tatu zikikosa nafasi, zinakaa moja chini ya nyingine. Huhitaji tovuti mbili. Google nao, tangu Aprili 2015, wakaanza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu.

Kwa hiyo fundi wa tovuti akija kukabidhi kazi, msikubali awaonyeshe kwenye laptopu yake. Tokeni naye nje, juani, pale Mbuyuni, mfungue kwa simu ya bei ndogo yenye bando la kawaida. Ishikeni kwa mkono mmoja. Kidole gumba kiifikie namba, na ukiigusa, simu ipige. Bei zionekane kabla ya historia ya kampuni. Picha ya MB 5 ipunguzwe, maana kwenye kioo kidogo vile hakuna atakayeona tofauti. Fomu iulize jina, namba na tarehe. Mengine mtaelewana WhatsApp.

Sasa toeni simu. Kila mmoja amtajie jirani wa kushoto jina la biashara yake, naye aitafute, ajaribu kuipigia. Kama hakufika kwenye namba, mwambieni mwenyewe hapa hapa, bila kumwonea haya. Nawapa dakika tano.