Waliojenga reli ya Pasifiki, na ardhi wasiyoweza kuimiliki

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wote mliofika, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie Marekani ya nusu ya pili ya karne ya 19: viwanda, wahamiaji, na wimbi la watu lililoelekea magharibi. Mada hiyo jioni moja haiitoshi. Kwa hiyo nitafuata njia moja tu, nayo ni reli, kwa sababu mambo yote matatu yanakutana hapo.

Tuanze na mwaka 1862. Nchi imo vitani, Kaskazini na Kusini wanauana. Wabunge wa majimbo ya Kusini wameshaondoka Washington, na waliobaki wakapitisha sheria zilizokuwa zimekwama kwa miaka. Tarehe 20 Mei Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead. Mtu aliyetimiza miaka 21, au aliye mkuu wa kaya, aliweza kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali. Akikaa hapo na kulima miaka mitano, zinakuwa zake kwa ada ndogo tu. Tarehe 1 Julai ikafuata sheria ya reli ya Pasifiki. Kampuni ya Union Pacific ijenge kutoka upande wa Omaha kwenda magharibi, na Central Pacific itoke Sacramento, California, kwenda mashariki, mpaka zikutane.

Sasa sikilizeni malipo yenyewe. Serikali ilizikopesha kampuni hizo hatifungani za dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare, 32,000 kwa nyanda za juu, na 48,000 kwa milima. Tena zikapewa ardhi. Kiwango kilipoongezwa mwaka 1864, kila maili moja ya reli iliipatia kampuni ekari 12,800. Mkulima ekari 160 baada ya miaka mitano ya jasho, kampuni ekari 12,800 kwa maili moja! Na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Walikuwa Wapawnee, Wacheyenne, Walakota, Washoshone, Wapaiute na wengine ambao reli ilipita katikati ya malisho na mawindo yao. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa bungeni siku hiyo.

Naomba mshike jambo moja katika ile sheria ya Homestead, maana ndilo lililonifanya nichague mada hii. Haikusema mtu yeyote tu. Ilisema raia, au mtu aliyetangaza nia ya kuwa raia. Na sheria ya uraia iliyokuwapo tangu 1790 iliruhusu wageni wa aina moja tu kupewa uraia: watu weupe walio huru. Tutarudi hapo.

Twende California. Wakubwa wa Central Pacific walikuwa wafanyabiashara wanne wa Sacramento: Leland Stanford, Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker. Kazi ilizinduliwa Januari 1863, na miaka miwili baadaye walikuwa hawajafika mbali. Mbele yao kulikuwa na milima ya Sierra Nevada, na vibarua hawakai. Mtu anajiandikisha, anapanda gari la kampuni bure hadi mwisho wa reli, kisha anatorokea machimbo ya fedha ya Nevada.

Ndipo Crocker aliposema tujaribu Wachina. Msimamizi wake wa ujenzi, James Strobridge, alikataa akisema hawana nguvu za kazi hiyo. Wakajaribiwa 50. Kisha wakaongezwa, wakaongezwa tena, mpaka kufika 1867 karibu vibarua tisa kati ya kumi wa kampuni ile walikuwa Wachina. Kwa miaka yote ya ujenzi wanahistoria wanawakadiria kati ya 12,000 na 20,000. Wengi walitoka jimbo la Guangdong kusini mwa China, wilaya za kuzunguka delta ya Mto Lulu, ambako vita na njaa viliwasukuma vijana kuvuka bahari.

Mtazameni Stanford. Januari 1862, alipoapishwa kuwa gavana wa California, aliwaita watu wa Asia jamii duni, akataka uhamiaji wao uzuiwe kwa kila njia halali. Mwaka 1865, akiandika kama rais wa kampuni ya reli, alimwandikia Rais Andrew Johnson kwamba Wachina ni watulivu, wenye amani, wavumilivu na wachapakazi, na kwamba bila wao upande wa magharibi wa reli hauwezi kukamilika kwa wakati. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na watu wale ni walewale.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Chukueni Handaki Namba 6, pale kileleni, futi kama 7,000 juu ya usawa wa bahari. Lina urefu wa futi 1,659, na lote ni mwamba wa matale. Wachina walilichimba kutoka pande nne kwa mpigo: ncha mbili za nje, na kutoka katikati, baada ya kuchimba shimo la kushuka wima ili wengine waanzie ndani kwenda nje. Mmoja anashika mtaimbo, wawili wanapiga nyundo, tundu linajazwa baruti, wanakimbia. Usiku na mchana, kwa zamu. Kwa baruti ya kawaida walisogea kama futi moja na kidogo kwa siku. Kampuni ikaleta nitrogliserini, kilipuzi kikali kuliko baruti, iliyochanganywa palepale mlimani, na mwendo ukaongezeka. Hatari nayo ikaongezeka.

Majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867 theluji iliyoanguka pale juu ilizidi futi 40. Watu waliishi chini ya theluji, wakichimba vijia kutoka kambini hadi handakini. Maporomoko ya theluji yalizoa kambi nzima, na maiti zikaonekana theluji ilipoyeyuka. Walikufa wangapi? Kampuni haikuweka hesabu. Mwaka 1870 gazeti moja la Sacramento liliandika kwamba treni ilipita na mifupa ya Wachina wapatao 1,200, ikirudishwa kwao kuzikwa. Wazee wetu walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike, na sijaona mahali ambapo methali hiyo inasimama wima kama hapa.

Lakini msidhani walinyamaza. Juni 1867 vibarua kama 3,000 walitua zana siku ileile moja, kambi baada ya kambi, kwenye njia ya maili nyingi za milima. Kampuni ilikuwa imepandisha mshahara kutoka dola 31 hadi 35 kwa mwezi. Wao walitaka 40, na saa za kazi zipunguzwe, hasa kwa walio handakini. Kumbukeni kwamba Mchina alijilipia chakula, ilhali kibarua mweupe alilishwa na kulazwa na kampuni. Mgomo ulikuwa na nidhamu ya ajabu. Hapakuwa na fujo. Crocker hakupeleka bunduki kwanza, alikata chakula. Kule juu hakuna duka wala shamba, kila punje ya mchele hupandishwa na treni ya kampuni. Ndani ya wiki moja njaa ikawarudisha kazini. Mimi nauhesabu mgomo huu miongoni mwa migomo mikubwa ya Marekani ya zama zile, na inaniuma kwamba vitabu vingi vya shule huuruka.

Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili zilikutana Promontory, Utah. Stanford akashika nyundo mbele ya msumari wa dhahabu, na telegrafu ikatangaza nchi nzima neno moja: imekwisha. Central Pacific ilikuwa imetandika maili 690, Union Pacific 1,086. Upande wa Union Pacific walijenga Waayalandi, askari waliotoka vitani, Wamormoni wa Utah na watu weusi waliotoka utumwani. Siku kumi na mbili kabla ya siku hiyo, tarehe 28 Aprili, kikosi cha Central Pacific kilitandika maili kumi kwa siku moja. Majina ya Waayalandi wanane waliobeba vyuma yaliandikwa na yapo hadi leo. Majina ya Wachina waliosawazisha mataruma, wakapigilia misumari na kushindilia kokoto hayakuandikwa. Kampuni ilizoea kumlipa mnyapara mmoja kwa niaba ya kundi zima, kwa hiyo hata daftari la mishahara haliwajui. Haijapatikana hata barua moja iliyoandikwa na kibarua wa Kichina wa reli ile. Na katika picha maarufu ya siku ya Promontory, watu wamejazana juu ya vichwa viwili vya treni huku chupa zikinyanyuliwa, lakini Wachina huwaoni, ingawa kikosi chao ndicho kilichoweka vyuma vya mwisho saa chache kabla.

Nitapita haraka kwenye yale reli iliyoyaleta, kwa kuwa yanasimuliwa kila mahali. Safari ya miezi kutoka New York hadi San Francisco ikawa ya wiki moja. Tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli ziliigawa nchi katika kanda za saa, na miji ikabadili saa zake kufuata ratiba ya treni. Nyati wa mbugani waliokuwa mamilioni waliwindwa mpaka mwaka 1889 wakakadiriwa kubaki kama 1,000 tu, na ngozi zao nyingi zikawa mikanda ya kuzungushia mitambo viwandani mashariki. Hapo mnaona viwanda na mbuga ni habari moja. Nyati walipokwisha, mataifa ya mbugani yaliyowategemea kwa nyama, ngozi na makazi yalilazimishwa na njaa kuingia katika maeneo waliyotengewa.

Pwani yetu nayo imo. Katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata vibao vya piano, na pembe za ndovu za vibao hivyo kwa sehemu kubwa zilitoka Zanzibar. Zilitoka bara, zikapita Tabora hadi pwani mabegani mwa wapagazi, zikavuka bahari, zikawa vinanda vya sebuleni katika Marekani hiyohiyo iliyokuwa ikitajirika. Wapagazi wale nao majina yao hatuyajui.

Turudi kwenye uraia. Mwaka 1870, baada ya vita na baada ya utumwa kufutwa, Bunge lilirekebisha sheria ya uraia ili kuwaingiza watu wenye asili ya Afrika. Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alipendekeza neno "weupe" lifutwe kabisa. Akashindwa. Kwa hiyo Mchina aliyetoboa Sierra Nevada hakuweza kuwa raia, na asiyeweza kuwa raia hakuweza kuzipata zile ekari 160 kando ya reli aliyoijenga. Mjerumani, Mswidi au Mnorwe aliyeshuka melini jana alitangaza nia yake, akapanda treni, akaenda kuchukua shamba. Watu husema ubaguzi dhidi ya Wachina ulizuka baadaye, kwa sababu ya ukosefu wa kazi. Sikubaliani nao. Mlango ulikuwa umeshafungwa nusu tangu 1862, wakati mikono yao ilikuwa bado haijaguswa na mtaimbo.

Ukosefu wa kazi uliufunga nusu iliyobaki. Mwaka 1873 benki ya Jay Cooke, iliyozama katika mikopo ya reli nyingine, ilianguka, na uchumi ukaanguka nayo. San Francisco ikajaa wasio na kazi. Mwaka 1877 Denis Kearney alisimama viwanjani akihubiri kwamba Wachina lazima waondoke. Mwenyewe alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Ayalandi. Hasira ya wafanyakazi dhidi ya matajiri wa reli ilikuwa ya haki. Ikaelekezwa kwa wafanyakazi wenzao.

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia kwa miaka kumi. Wakati huo Wachina wote Marekani walikuwa kama 105,000 kati ya watu milioni 50. Mwaka huohuo wahamiaji karibu laki nane waliingia nchini, wengi wakitoka Ulaya, kwa hiyo nchi ilikuwa bado inataka watu. Septemba 1885, Rock Springs, Wyoming, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Union Pacific, wachimbaji weupe waliwavamia Wachina, wakaua angalau 28 na kuchoma makazi yao. Hakuna aliyehukumiwa. Mwaka 1888 Bunge likazifuta hati za kurudi za Wachina kama 20,000 waliokuwa wamesafiri kwenda kwao. Waliondoka wakiwa na karatasi ya serikali mkononi, na karatasi ikabatilishwa wakiwa ng'ambo.

Mmoja aliipeleka serikali mahakamani. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873 na wazazi wa Kichina. Mwaka 1895 alirudi kutoka China, akazuiwa bandarini kwa hoja kwamba si raia. Machi 1898 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa wawili, kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani kwa wazazi wanaoishi pale kihalali ni raia, hata kama wazazi wenyewe hawawezi kuwa raia. Ni moja ya hukumu kubwa kabisa za nchi ile, na bado inabishaniwa. Lakini mwaka 1901 Wong Kim Ark alikamatwa tena huko El Paso, Texas, kwa kosa lilelile la kuwa Mchina nchini, ikachukua miezi kumwachia.

Sheria ya 1882 ilirefushwa mwaka 1892, ikafanywa ya kudumu 1902, na ikafutwa 1943, wakati China na Marekani walipokuwa upande mmoja dhidi ya Japani. Ilipofutwa, mgawo wa Wachina, yaani idadi walioruhusiwa kuhamia nchini, ulikuwa watu 105 kwa mwaka, na mfumo ule wa migawo haukuondolewa kisheria mpaka 1965. Kwa upande wangu nimefika mwisho. Mwenyekiti, nawakaribisha wenye maswali.