Barasa ako na gari sasa

AKINYI: Mko nasi tena kutoka Kisumu, joto ya leo wacha tu, na Barasa ameingia studio na waya mkononi. Omera, hebu jieleze.

BARASA: Mulembe watu wangu. Sasa, mtoto wa dada yangu alikuja wikendi, stima ikapotea, simu ikazima, akaanza kulia. Nikamwambia ngoja mjomba akutengenezee gari. Nikakunja hanga, nikaongeza kipande ya senyenge, tairi nikakata kwa patipati ya bibi yangu...

AKINYI: Anajua?

BARASA: Atasikia hapa. Stima ikarudi, kijana akarudi kwa simu, hata kuisukuma hakuisukuma. Mimi nikabaki na gari. Nimeiendesha mpaka dukani hapo Manyatta, mdomo ndio injini, vruuum, watu wanapisha.

AKINYI: Leseni iko wapi?

BARASA: Nyumbani.

AKINYI: Bima?

BARASA: Afande, si tuongee?

AKINYI: (anacheka) Shuka chini. Na hiyo usukani unakata kona kweli ama ni urembo?

BARASA: Inakata! Fito ndefu, usukani juu, waya inashuka mpaka eksoli ya mbele. Eksoli usiikaze sana, ukikaza inakataa kona. Viungo unafunga na raba ya tyubu ya baiskeli, hapo umepata shokabsoba. Nilikaa nje mpaka giza nikitafuta kwa nini inavuta kushoto, chai ikapoa, sikukumbuka hata deni moja.

AKINYI: Inavuta kushoto na unabeba abiria? Inspekshen ni lini?

BARASA: Wacha inspekshen. Mpira wa juala, hizo mifuko za plastiki, sitengenezi tena, zilipigwa marufuku Agosti 2017, na mpira wa matambara haudundi vizuri. Lakini waya bado ni halali.

AKINYI: Haya, nasikia jirani alitaka kununua.

BARASA: Mbili. Nikakataa.

AKINYI: Ulikataa pesa? Barasa, hao mafundi wa jua kali pale Kibuye wangapi walianza na gari ya waya, leo wanachomelea mageti? Mchezo ukileta unga shida iko wapi?

BARASA: Nikiuza kutakuwa na oda, na deadline, na mtu ananipigia usiku kuuliza mbona yake ni ya buluu. Hiyo ni kazi, na kazi ninayo. Kuna Mholanzi anaitwa Huizinga, aliandika 1938 kwamba mchezo ni mkongwe kuliko utamaduni, wanyama hawakungoja binadamu awafunze kucheza, na akasema mchezo hauna faida ya mali ndani yake.

AKINYI: Huyo si alikuwa profesa huko Leiden?

BARASA: Ndio.

AKINYI: Mshahara unaingia kila mwezi! Mwambie mama wa omena pale Dunga kwamba faida inaharibu mchezo. Kucheza bure ni ya mtu rent imelipwa.

BARASA: Na watu wa boda hapo Kondele, wanacheza drafti na vifuniko vya soda, rent imelipwa?

AKINYI: Hao wanangoja wateja.

BARASA: Mteja akija wanamwambia ngoja kidogo nimalize huyu! Nimeona. Mtu anaacha pesa imesimama hapo juu ya kingi moja.

AKINYI: Na jioni anakopa ya mafuta. Mimi sikatai mtu mzima acheze, nakataa hii story ati ukilipwa imekufa. Dada zangu wanasuka vikapu wakicheka, wanabuni mastaili hakuna mtu amewafunza, na wanauza. Hao hawachezi?

BARASA: Wanacheza mpaka mteja aseme nataka kumi kama hiki.

AKINYI: Hapana.

BARASA: Waulize kikapu cha kumi.

AKINYI: Nimewahi kusuka, Barasa! Cha kumi mkono umezoea, ndio akili inaanza kuhepa na kujaribu vitu.

BARASA: Mimi hapo sikufuati.

AKINYI: Usifuate, gari yako si inavuta kushoto.

BARASA: (kimya) Hiyo haikuwa pointi.

AKINYI: Naona tunaonyeshwa mkono. Dakika mbili. Na tulikuwa tumeandika mafunzo matatu, jinsi ya kutenga muda wa kucheza, nini na nini, hata la kwanza hatujagusa.

BARASA: Wacha yakae. Kwaya iko mlangoni inataka studio.

AKINYI: Basi tuwaachie viti. Asanteni, tupatane wiki...

BARASA: Lakini wale wa drafti, Akinyi...

AKINYI: Wanangoja wateja!

BARASA: Hawangoji mtu!

(muziki)