Kosa Lina Kwao

Wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoandika tasnifu mwaka huu, asanteni kwa kuja.

Nianze na maneno niliyoyakuta kwenye rasimu moja: "the books which we read them." Msimamizi alizungushia neno la mwisho wino mwekundu, akaandika pembeni, "Kosa." Basi. Mwanafunzi akalifuta, na kurasa chache mbele akalirudia. Sasa semeni kwa Kiswahili: vitabu tulivyovisoma. Mnaisikia ile -vi-? Ndiyo "them" yenyewe. Mwanafunzi hakubahatisha, alifuata sarufi aliyokua nayo. Ni vivyo hivyo "although" inapofuatwa na "but": ingawa, lakini. Na "equipments" je? Kwetu vifaa huhesabika, kimoja, viwili.

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitetea hoja kwamba makosa ya anayejifunza lugha ni ushahidi wa kanuni anazojijengea kichwani. Mwaka huohuo Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi. Wengi wenu mlisoma hivyo miaka saba, kisha mkaingia kidato cha kwanza mkakuta baiolojia kwa Kiingereza. Hayo mnayajua kuliko ninavyoweza kuyaeleza.

Ninalotaka tukae nalo ni "a" na "the", maana hapo ndipo rasimu nyingi ninazosoma huumia. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili hakina kitu hicho. Mimi nilisema hivyo miaka mingi, na ninajuta. Pimeni: "Nimesoma kitabu." "Nimekisoma kitabu." Ile ya pili, sote tunajua ni kitabu gani, kimeshatajwa, au kipo mezani kati yetu. Tofauti tunayo tangu utotoni. Ila sisi huiweka ndani ya kitenzi, Mwingereza huiweka mbele ya nomino.

Kwa hiyo siku hizi mwanafunzi akikwama kwenye "sample" au "questionnaire", namwomba aitamke sentensi yake kwa Kiswahili kwanza. Kiambishi cha kitu kinachotendwa kikijileta chenyewe, kama ile -li- ya pili katika "nililigawa dodoso", ajaribu "the". Haifai kila mahali: jina likiwa kiima cha sentensi, kipimo hiki hakina msaada, na hapo inabidi tuulizane kama msomaji ameshakutana na kitu hicho. Lakini tunaulizana. Naombeni rasimu mlizokuja nazo, tufungue sura ya tatu.