Mgambo wa Maji

ZUHURA: Haya, tumerudi. Kaka Rama yuko Tanga, mimi Staten Island, kisiwa cha jiji la New York. Leo nilipanga tuzungumze mambo matatu kuhusu wanamaji wa jimbo la New York, lakini kwanza niwape kisa cha Jumamosi.

RAMA: Kisa cha feri?

ZUHURA: Cha feri. Tunakwenda Manhattan, mimi na kitinda mimba wangu, tumesimama nje upande wa upepo. Ikapita boti ya kijivu, ubavuni herufi kubwa: Naval Militia. Akaniuliza, "Mama, hao ni nani?" Nikamjibu mbiombio: mgambo, mgambo wa maji. Kaka, mtoto aliniachia mkono akaingia ndani. Likizo iliyopita tulipokuja nyumbani aliwaona mgambo, wale wanaofukuza wachuuzi, wakimwaga ndoo ya maembe ya mama mmoja barabarani.

RAMA: Basi umempa jina baya. Hao ungewaita askari wa akiba.

ZUHURA: Na mgambo wetu jina lao rasmi ni nini? Si Jeshi la Akiba?

RAMA: Hilo la kwenye karatasi, da Zuhura. Mama yangu alipopigwa teke meza ya samaki, karai la mafuta likamwagika mchangani, hakusema akiba wamekuja. Alisema mgambo. Hebu waeleze watu hao wa kwako ni kina nani.

ZUHURA: Ni jeshi la majini la gavana. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la majini la Marekani lilikuwa dogo na pwani ni ndefu, ndipo majimbo yakaanza kuwafundisha raia ubaharia na mizinga. Massachusetts walitangulia mwaka 1890, New York wakafuata 1891. Watu wana kazi zao mjini, jioni wanakwenda mazoezini. Vita na Hispania ilipozuka 1898, wa New York walipewa meli iitwayo Yankee. Ilikuwa meli ya biashara, ikafungwa mizinga, wakaenda nayo mpaka Cuba.

RAMA: Na leo?

ZUHURA: Leo karibu wote ni askari wa akiba wa jeshi la majini au wa Marine, wale askari wa kushuka pwani kutoka melini. Sheria inataka wawe angalau asilimia 95, ndipo jimbo lisaidiwe vifaa na serikali kuu. Gavana aliwaita Septemba 11, 2001. Akawaita tena 2012, kimbunga Sandy kilipotuletea bahari mpaka sebuleni hapa kisiwani.

RAMA: Aliwaita. Unajua neno hilo linanikumbusha nini? Mbiu.

ZUHURA: Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo!

RAMA: Watu wanaitaja methali hiyo, mbiu yenyewe hawajaiona. Babu alikuwa nayo, pembe ya nyati, imetobolewa ubavuni, pale pa kuwekea mdomo pameng'aa kwa miaka ya kupulizwa. Usiku mmoja ngalawa haikurudi. Babu akatoka akapuliza mara tatu, akanyamaza, mara tatu tena. Nilikuwa mdogo, nimeshika msuli wake. Kabla hajamaliza nikaona karabai zinashuka ufukweni, moja, mbili, kumi. Hakuna aliyeuliza ngalawa ya nani.

ZUHURA: Walipatikana?

RAMA: Alfajiri, wameshikilia mrengu. Wote wawili hai.

ZUHURA: Kaka Rama, hao ndio mgambo wa maji! Umenieleza mwenyewe. Mgambo ni ule mwito, mtu anaacha shughuli zake anaingia majini.

RAMA: Hapana. Wale hawakuwa na sare wala bwana. Wa kwako wana mabwana wawili. Rais akiwataka, gavana anabaki na nani?

ZUHURA: Anabaki na pengo, kweli, Rais ndiye anayetangulia. Lakini wetu je? Baada ya Mwongozo wa chama cha TANU wa 1971 waliofunzwa ni wanakijiji, na 1978 Amin alipoingia Kagera walichukuliwa hao hao wakaenda vitani. Mgambo wa kijiji, amri ya taifa.

RAMA: Na ninawaheshimu. Mjomba wangu alikuwemo. Ndiyo maana neno hilo linaniuma. Limeshatoka mikononi mwao, sasa ni la wapiga meza mateke. Huwezi kulisafisha kwa boti ya New York.

ZUHURA: Tukiliacha, mtoto wangu atajua maana moja tu, ya ndoo ya maembe.

RAMA: Hiyo ndiyo maana anayoiona.

ZUHURA: Sikubali.

RAMA: Na mimi sikubali.

ZUHURA: Zimebaki dakika mbili, na yale mambo matatu sijagusa hata moja. Nilitaka kueleza boti zao za doria, na zile meli kuukuu walizojifunzia... Basi, tuyaache.

RAMA: Jumamosi unapanda feri tena?

ZUHURA: Ninapanda naye. Tukiiona ile boti nitamsimulia pembe ya babu yako.

RAMA: Msimulie. Zile karabai usizisahau. Lakini neno lile usilitumie.

ZUHURA: Nitalitumia, kaka.