Ukitaka paka Uingereza, unahojiwa wewe

Haya, hamjambo wapendwa, za huko nyumbani? Leo msinicheke, naongelea paka. Kwetu Tanga paka hachaguliwi. Anakuja mwenyewe siku ya kukaanga samaki, anaganda mlango wa jikoni, mwezi ukiisha keshakuwa wenu. Huku Uingereza? Thubutu!

Wengi huenda kwenye vituo vya paka waliotelekezwa. Battersea ya London, kwa mfano, ipo tangu 1860. Ilianza na mbwa, paka wakapokelewa kuanzia 1883. Nilikoenda mimi niliulizwa: umepanga? Mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi? Unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi? Barabara ya mbele ina magari mengi? Najibu huku natoka jasho, utadhani naomba viza ubalozini.

Sasa uchaguzi. Kila mtu anataka kitoto cha paka. Mimi nasema, kama unafanya zamu kama wengi wetu huku, chukua mkubwa. Kitoto kinataka kulishwa mara nne kwa siku, na tabia yake bado huijui. Mkubwa unamwona alivyo. Kaa chini sakafuni, usimkimbize, subiri kama atakufuata. Tazama macho yasiwe na tongotongo, pua isitoe kamasi, masikio yasiwe na uchafu mweusi. Wangu ni mweusi tititi. Mama alipomwona kwenye video alikata simu, akapiga tena baada ya kusoma dua.

Kabla hajaingia ndani, andaa chumba kimoja tulivu: chakula upande huu, trei ya mchanga upande ule mbali na chakula, maana paka ana staha zake. Ukiwa na paka mmoja weka trei mbili. Tafuta na nguzo ya kukwarulia kucha, la sivyo atahamia kwenye kochi. Usimtoe nje wiki tatu nne za mwanzo, asije akapotea.

Hapa nisikilizeni vizuri. Maua ya lili toeni yote. Paka akilamba hata ungaunga wa maua hayo ulioshika kwenye manyoya, figo zinakufa. Panadoli nayo msimpe kabisa, hata kipande kinaweza kumuua. Na yale maziwa tuliyokuwa tukiwamiminia kwenye kisahani? Paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji yanatosha.

Gharama sasa. England, tangu tarehe 10 Juni 2024, paka lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla hajafikisha wiki 20, ukikaidi faini inafika pauni 500. Vituo vingi vinakupa paka mwenye chipu, aliyechanjwa na kuhasiwa, ndiyo maana ile ada wanayodai mimi naiona halali. Ila akiugua baadaye ni mfuko wako, hakuna NHS, yaani matibabu ya bure ya serikali, ya paka. Kata bima mapema.

Nyinyi wa nyumbani, chipu hiyo wekeni pembeni. Kwenu cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye anakipata na anakiambukiza. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya, hasa Septemba ikikaribia, maana tarehe 28 ni siku yake duniani na sehemu nyingine huchanja bure. Mwulizeni na daktari habari ya kumhasi yule shume anayewanyima usingizi juu ya bati.