Horace Tabor: Muuza Duka Aliyekuwa Seneta

Mabibi na mabwana, wengi wanaomsimulia Horace Tabor, tajiri wa migodi ya Marekani wa karne ya kumi na tisa, humwita mtoto wa bahati, mtu aliyelala maskini akaamka tajiri. Mimi nitadai jioni hii kwamba bahati hiyo ilianzia nyuma ya kaunta ya duka, na kwamba kaunta yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilisimamiwa na mkewe.

Tabor alizaliwa mwaka 1830 katika jimbo la Vermont, akawa mchonga mawe. Mwaka 1855 alihamia Kansas pamoja na watu waliokwenda kuzuia utumwa usiote mizizi katika eneo hilo, akachaguliwa katika bunge la Topeka, la wapinga utumwa na lisilotambuliwa na serikali kuu, ambalo askari wa serikali hiyo walilitawanya mwaka uliofuata. Mwaka 1857 alimwoa Augusta Pierce, binti wa mwenye machimbo ya mawe aliyekuwa amemwajiri huko Maine, na mwaka 1859 wakafunga safari ya kufuata dhahabu ya Colorado wakiwa na mtoto mchanga.

Walifika California Gulch, Colorado, mwaka 1860, bonde lililo juu zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Tabor alichimba, Augusta aliuza mikate, akalisha wapangaji na kushughulikia barua. Mchimbaji alipokuja kununua unga, alifungua kifuko chake cha ngozi na kumimina vumbi la dhahabu juu ya mizani ndogo, na aliyesoma mizani hiyo mara nyingi alikuwa Augusta. Dhahabu ilipopungua wachimbaji walitawanyika, lakini akina Tabor waliendelea na duka kwa karibu miaka ishirini, wakihama nalo kutoka kambi moja hadi nyingine na kurudi.

Miaka yote hiyo wachimbaji walikuwa wakiulaani mchanga mzito mweusi uliokwama katika mifereji yao ya mbao ya kuoshea dhahabu. Katika miaka ya 1870 ulipimwa, ikaonekana ni madini ya risasi yaliyochanganyika na madini ya fedha. Mji wa Leadville ukazaliwa, na Tabor, muuza duka aliyefahamiana na kila mtu, akawa meya wake wa kwanza na mkuu wa posta mwaka 1878.

Mwaka huohuo wahamiaji wawili Wajerumani, August Rische na George Hook, walimwomba vyakula na zana bila ya kuwa na senti. Tabor aliwapa, kama alivyokwisha kuwapa wengine wengi ambao hawakupata kitu, kwa sharti la kugawana theluthi kwa theluthi chochote kitakachopatikana. Watu wa pwani wangeiita mali kauli, isipokuwa hapa mkopeshaji hakudai bei ya bidhaa zake, alidai sehemu ya shimo. Mara ya kwanza bidhaa zilikuwa za kama dola 17, na jumla yake haikuzidi sana dola 60. Wajerumani wale wakagonga madini ya fedha kabla hawajachimba kina kirefu, wakauita mgodi huo Little Pittsburg, na mwaka 1879 Tabor akauza sehemu yake kwa dola 1,000,000. Kisha akanunua mgodi wa Matchless kwa dola 117,000.

Siasa zikafuata pesa. Alikuwa naibu gavana wa Colorado tangu 1879 hadi 1883, kipindi ambacho Wayute wengi, wenyeji wa asili wa huko, walifukuzwa katika ardhi yao na kupelekwa Utah, jambo ambalo hadithi za utajiri wa jimbo hilo hupenda kulipita kwa haraka. Alijenga jumba la opera Leadville na jingine kubwa zaidi Denver. Alitamani useneta wa miaka sita. Wabunge wa jimbo, ambao siku hizo ndio waliochagua maseneta, wakampa mtu mwingine, naye wakamtupia kiti kilichobakiza siku kama thelathini, kuanzia Januari 27, 1883. Mwezi huohuo wa Januari talaka yake na Augusta ilikamilika, na mwanamke yule akaitaka mahakama iandike kwamba hakuiomba kwa hiari. Machi 1 Tabor alifunga ndoa Washington na Elizabeth McCourt, aliyejulikana kama Baby Doe, mbele ya Rais Chester Arthur, wakati padri aliyewafungisha hakuwa ameambiwa kwamba wote wawili walikuwa na talaka.

Anguko lake halikutoka mgodini. Sheria ya mwaka 1890 iliilazimisha Hazina ya Marekani kununua wakia 4,500,000 za madini ya fedha kila mwezi. Juni 1893 serikali ya Uhindi iliacha kuwatengenezea watu binafsi sarafu kutokana na madini yao ya fedha, ili kuinusuru rupia isishuke thamani pamoja na madini hayo, rupia ileile iliyokuwa ikitumika Unguja na Mombasa. Novemba, Bunge la Marekani likaifuta sheria ya ununuzi. Bei ya fedha ikaporomoka, na Tabor, aliyekuwa ameweka rehani majengo yake na kutawanya mtaji hadi Meksiko na Honduras, hakubakiwa na kitu cha kumlipa mdai. Augusta, aliyeyatunza majengo aliyopewa wakati wa talaka, alifariki mwaka 1895 akiwa tajiri.

Mwaka 1898 marafiki wa kisiasa walimpatia Tabor kazi ya mkuu wa posta wa Denver. Aliifanya kwa mwaka mmoja na ushei, hadi kidole tumbo kilipomuua Aprili 10, 1899.